Mgomba Uliovaa Suti ya Mokaya

Changamwe, Mombasa
9 Machi 1975

Dada Gesare,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango wa ofisi ya walimu. Kama kuna mwalimu mwenzako karibu, mwambie hii ni barua ya mambo ya shule. Halafu keti. Umeketi?

Ni mimi, Mokaya ndugu yako. Tafadhali usipige nduru. Mwandiko huu unaujua, wewe ndiye ulinifundisha kushika kalamu ukinichapa vidole na rula. Mimi si pepo wala si mtu anayekuchezea. Niko hai, nimepanga chumba huku Changamwe, jana nimekula maharagwe yakanisokota tumbo, na sijasikia maiti akilalamika tumbo.

Ile habari mliyoletewa na kampuni ya mafuta ilikuwa na makosa. Siku ile mtu alipoanguka baharini, mimi sikuwa melini. Nilikuwa nchi kavu. Ni maneno marefu na nitakueleza pole pole. Kwamba nimekufa nilijulia kwa kinyozi. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, ikataja jina langu, jina la baba, Boito, wilaya ya Kericho, yote sawasawa. Kinyozi akasema, "Maskini, kijana wa watu." Nikasema, "Maskini kweli." Nikamlipa nikatoka na kichwa kimenyolewa nusu.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu baba husoma Kikisii cha Biblia peke yake, na natumia sanduku la shule ili barua isipite mikononi mwake. Usimwambie mtu, hata mama. Nipe nafasi nitafute njia ya kulisema jambo hili.

Niambie tu mlifanya nini. Mlilia sana? Naona haya kuuliza, lakini nataka kujua.

Ndugu yako,
Mokaya Gekara


Boito
17 Machi 1975

Mokaya,

Salamu ni za watu walio hai, na wewe bado sijaamua uko upande gani, kwa hivyo sikusalimu.

Ati mlilia sana! Wewe una wazimu? Mama alilia mpaka sauti ikamwisha, akawa anafungua mdomo tu. Kampuni ilituma mtu na gari mpaka hapa kwetu, amevaa tai, akatuambia bahari ya mahali pale imekwenda chini sana, mpiga mbizi hawezi kufika, mwili hautapatikana. Baba akamwuliza, "Sasa nizike nini?" Mtu wa tai akatazama viatu vyake.

Mambo ya kwetu unayajua. Mtu wetu hawezi kukaa bila kaburi, na mwili usipopatikana mgomba unazikwa mahali pake. Mchungaji Nyakundi alisema hayo si ya Wakristo, yeye haombi juu ya mgomba. Baba akamwambia basi akae kanisani aombee viti. Migomba ya hapa Boito unaijua, baridi imeifanya kama fimbo, na baba akasema mwanawe hakuwa mwembamba hivyo. Mjomba Mosoti akaenda mpaka Kisii akaleta gogo zuri, limelazwa juu ya magunia nyuma ya lori. Wakalivisha suti yako ya kijivu. Ndiyo, hiyo hiyo uliyonikataza hata kuigusa na pasi. Mama alifunga vifungo vyote mwenyewe. Tukazika pale pembeni ya chai, karibu na mti wa parachichi. Mchungaji alikuja mwishowe akasimama mbali, lakini nilimwona midomo ikisogea.

Na kuna jambo lingine. Mama yake Kipyegon alikuja. Alitoka Chebunyo alfajiri na kibuyu cha maziwa ya mursik mgongoni, akabadilisha gari Bomet, kipande kilichobaki akatembea kwa matope. Mama Mkipsigis ambaye sisi tulimjua kwa jina tu, kwa sababu Kipyegon alikuwa anakula kwetu miaka yote mliyofanya kazi pamoja kiwanda cha chai, kabla meneja hajawapendekeza kwa wale wazungu wa mafuta. Alimkumbatia mama akakaa naye pale kaburini mpaka jioni. Maziwa yake ndiyo kitu cha kwanza mama kukubali kumeza.

Sasa nauliza: Kipyegon yuko wapi? Kama wewe uko hai, yeye anajua. Mbona amemwacha mama yake aje kulilia mgomba? Mwambie nikimwona atanitambua.

Nimefurahi uko hai. Nimeliandika hilo mwisho kwa sababu hasira ilitangulia. Niliposoma barua yako nilijifungia choo cha shule nikalia mpaka kengele ikagongwa.

Gesare


Changamwe
26 Machi 1975

Dada,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena nikaichana. Sasa naandika tu, litakalotoka litoke.

Kipyegon ndiye aliyekufa.

Ile meli ya kuchimba haifungwi bandarini. Iko mbali, ukiwa pwani huioni, na katikati yake kuna tundu ambalo mabomba yanapitia kwenda chini. Mabomba yale ukiyalaza yanatoka shuleni kwako mpaka kiwandani, na hapo hujagusa udongo bado, hayo ni maji peke yake. Kisima cha kwanza kilitoa mafuta, kwa hivyo wazungu wanachimba vingine kando kando wajue yameenea kiasi gani huko chini. Kazi yenyewe ni nzuri. Sikuwahi kuiogopa kazi.

Nilichoogopa ni kikapu. Mashua inakufikisha kando ya meli, halafu kreni inashusha kitu kama kikapu kikubwa cha kamba. Hamwingii ndani. Mnasimama kwa nje, miguu kwenye ukingo, mmeshika zile kamba, mnainuliwa mkining'inia mpaka melini, na chini yenu ni maji matupu. Safari moja nilijikojolea, dada. Mwanamume mzima. Kipyegon alikuwa ubavuni mwangu akaona. Tulipofika juu akachota ndoo ya maji ya bahari akanimwagia, akajimwagia na yeye, akaanza kucheka kama mwehu, wengine wakafikiri ni michezo yetu. Hakuna aliyejua. Hakulitaja tena hata tukiwa wawili.

Zamu yangu iliporudi, miguu ilikataa kupanda mashua. Anayekosa mashua amefutwa kazi. Kipyegon alikuwa ndiyo kwanza ameanza likizo yake. Akasema, "Lete kadi na kofia yako. Naenda mimi, na wewe ukipata moyo utanirudishia kwa zamu yangu." Wazungu wale hawatujui kwa sura, wanatujua kwa jina lililopakwa rangi kwenye kofia ya kazi. Fomeni alikuwa anatuita sote wawili Mokaya. Nilimpa kofia nikicheka, Gesare. Nilifurahi kabisa.

Mpishi wa meli ndiye aliyenisimulia. Wimbi lilishusha mashua kreni ikiwa inavuta, kikapu kikayumba kikagonga ubavu wa meli, mkono wake ukaachia. Wakaona kofia tu ikielea. Kofia ilisema Mokaya. Kuchimba hakukusimama hata siku hiyo. Na kwa vile Kipyegon hakurudi kutoka likizo, yeye wamemwandika mtoro.

Nilipaswa kwenda ofisini mara moja. Nilifika mpaka langoni. Askari akauliza, "Wewe ni nani?" Nikageuka nikaondoka. Nikisema niko hai, Kipyegon amekufa, na ni mimi niliyempeleka. Nikikaa hivi nilivyo, mama yake angali ana mtoto. Najua ni upuuzi. Lakini ndivyo nilivyojiambia, na kila siku inayopita inaifunga midomo zaidi. Nikipita dirisha la duka naangalia kando nisijione.

Usimwambie mama yake. Nakuomba.

Mokaya


Boito
7 Aprili 1975

Mokaya,

Umeniomba. Na mimi nikuombe nini?

Siku barua yako ilipofika, nilimkuta mama anasugua kile kibuyu. Alisema haifai kurudi kwa mwenyewe kitupu, akaweka punje za wimbi ndani, akanituma mimi nikipeleke Chebunyo. Sikukataa. Nilijiambia, vizuri, nitakwenda na nitasema. Ndani ya gari nilikuwa nikirudia maneno yangu kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya mkaguzi.

Mama yake Kipyegon nilimkuta anakamua. Akaniita "binti yangu uliyefiwa." Akanitolea kiti kile cha wageni, akachinja kuku. Kuku, Mokaya! Kwa ajili ya kunipa mimi pole. Nikakaa pale natafuna, na yeye ananisukumia paja, "Kula, umekonda na huzuni." Nilitamani ardhi inimeze.

Nikafungua mdomo niseme. Hapo hapo akasema, "Wewe ni mwalimu. Niandikie barua kwa Kipyegon. Huyu Johana mdogo wake akiniandikia anaingiza mambo yake, ati aletewe viatu." Akanipa karatasi. Akaanza kusema, na mimi nikaanza kuandika. Hivyo tu. Sina la kujitetea.

Barua yenyewe nimeiweka humu. Anuani ni ya lile sanduku lenu la posta, na ufunguo unao wewe. Umesoma maneno yangu? Ufunguo unao wewe. Mimi nimeaibika vya kutosha kwa niaba yako. Panda gari uje umwambie.

Gesare


Chebunyo
6 Aprili 1975

Kipyegon mwanangu,

Chamgei. Anayeandika ni mwalimu, dada ya rafiki yako marehemu. Mwandiko wake unapendeza kuliko wa Johana.

Mvua imenyesha. Yule ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika amezaa, ni jike. Huyo ndama ni wako, na Johana ameambiwa asimguse.

Nilikwenda Boito kumzika mwenzako. Walizika mgomba wenye nguo. Mimi kwetu sikuwahi kuona hivyo, lakini nililia, kwa sababu mama yake alikuwa anamlilia mtu na si mti.

Mbona huandiki? Najua mlikuwa mnalala chumba kimoja. Najua umeumia. Usikae peke yako mle ndani ukitazama kitanda chake. Na usione aibu kulia, baba yako alilia ndugu yake alipokufa, na nani aliyethubutu kusema baba yako si mwanamume?

Mambo ya mafuta mimi siulizi, sitayaelewa. Nauliza, unakula? Na ukipanda kile kitu cha kamba ulichonieleza, shika kwa mikono miwili. Niandikie hata maneno matatu.

Mimi mama yako


Changamwe
16 Aprili 1975

Dada,

Usinitukane kabla hujafika mwisho. Humu ndani nimeweka barua nyingine, ni ya Mama Kipyegon. Aliomba maneno matatu tu. Nilikaa na karatasi yake siku nyingi, kila nikifika pale pa mikono miwili nashindwa kuendelea. Msomee hii mara moja, atulie, na mimi nitatafuta nguvu nije. Nakuapia nitakuja.

Mpishi ananiambia huko melini ni sherehe. Kisima kipya kimetoa mafuta mengi, mzungu mkubwa amewachomea nyama. Sasa watalaza mabomba chini kabisa, juu ya sakafu ya bahari, kutoka visimani mpaka nchi kavu. Yatapita pale pale alipo. Nimeacha kulala vizuri tangu aniambie.

Mokaya


Mombasa
16 Aprili 1975

Mama yangu mpendwa,

Chamgei mising. Mimi ni mzima kabisa, wasiwasi ni kwako tu. Unisamehe kwa kunyamaza, kazi imekuwa nyingi na pia nilikuwa na huzuni ya Mokaya.

Ninakula vizuri. Melini tunapewa nyama kila siku na mkate mweupe. Kazi yangu ni kuunganisha mabomba na kukoroga matope mazito tunayoyasukuma ndani ya shimo ili kuta zake zisiporomoke. Wazungu wanasema mimi ni mfanyakazi mzuri. Ndama wangu mpe jina unalolipenda. Johana mwambie viatu vyake nimevikumbuka.

Ile kamba naishika kwa mikono miwili, mama. Siwezi kuanguka.

Nitachelewa kidogo kuja nyumbani, lakini usiwe na hofu.

Mwanao,
Kipyegon


Boito
28 Aprili 1975

Mokaya,

Nimemsomea. Furahi basi.

Alipoona bahasha aliita majirani. Wakajaa nyumba nzima, wengine wamesimama mlangoni, na mimi nikasoma kwa sauti yangu ya darasani, nikitua kila mahali pa kutua. Nikifika kwenye nyama na mkate mweupe wakapiga makofi. Nikifika kwa Johana wakacheka, Johana mwenyewe akainama kwa haya. Nikifika kwenye mikono miwili, mama yule akasema, "Kongoi, kongoi," anashukuru, machozi yanamtoka. Nikasoma na jina la chini, Kipyegon. Nililisoma kwa mdomo wangu huu.

Akanisindikiza mpaka barabarani. Hapo tukingoja gari akanishika mkono akasema, "Binti yangu, kuna kitu kinaniuma. Siku ile nilipokuja kwenu kulia, njia nzima nilikuwa nikimshukuru Mungu kwamba aliyekufa si wangu. Nililia na mama yako na huku moyoni nashukuru. Nimeaibika mbele yake. Mwambie anisamehe."

Basi hapo nikavunjika. Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka yote pamoja, kikapu, kofia, wewe, barua, mimi. Ningeweza kulala pale barabarani gari linikanyage.

Hakulia. Akauliza, "Huyo Mokaya ako wapi?" Nikasema Mombasa. Akauliza, "Na barua hii niliyoisikia sasa hivi?" Akanyoosha mkono nikampa ile karatasi, akaikunja vizuri, akaiweka kifuani ndani ya kitambaa chake, akageuka akaenda zake. Hakunitukana hata neno moja. Ningemshukuru kama angenipiga.

Nilipofika nyumbani nikawaambia na wazazi. Ningeficha nini tena? Mama alianguka magotini akicheka, "Mwanangu yuko hai, mwanangu yuko hai." Halafu nilipomwambia yaliyobaki, akajifunika uso na leso, akalala hivyo mpaka asubuhi. Kulipokucha baba alichukua jembe akaenda moja kwa moja kaburini kuutoa mgomba. Unajua wazee walivyosema, kwamba aliyezikwa hawezi kuingia kwao kabla kaburi lake halijafunguliwa. Lakini mama alitoka mbio akamshika jembe. Akasema, "Wacha! Uko pale mpaka atoke Chebunyo. Asipokwenda Chebunyo, basi mtoto wangu ni huyo mgomba."

Na baba aliacha. Hujawahi kumwona baba akiacha jambo. Aliketi juu ya udongo akaniuliza, "Hivi nilimlea mimi?"

Sina zaidi.

Gesare


Chebunyo
4 Mei 1975

Kipyegon mwanangu,

Anayeandika safari hii ni Johana. Nimemwambia asiweke neno lake hata moja.

Wameniambia umekufa. Aliyeniambia ni yule mwalimu wa Boito, na alikuwa ametoka kunisomea barua yako sasa hivi tu. Mdomo ule ule. Nimwamini wakati gani?

Habari imeenea. Mchungaji wetu alikuja kuomba, nikamwambia angoje. Majirani wanataka kuja kukaa na mimi, nimewaambia wangoje. Nywele za msiba sijanyoa. Ng'ombe nawakamua asubuhi na jioni, na ndama wako bado sijampa jina. Watu wameanza kusema akili imenitoka. Akili iko. Mimi sitaanza kumlilia mtoto wangu kwa sababu nimeambiwa kando ya barabara tukingoja gari.

Najua wewe hutaifungua barua hii. Ataifungua yule anayelala chumba chako. Basi mpe ujumbe wangu.

Mwambie aje aniambie yeye. Asimame mbele yangu nimwone macho, aseme ilikuwa siku gani, ulikuwa umevaa nini, ulisema neno gani la mwisho mlipoagana. Aseme yote, hata yale yanayomwaibisha. Nataka hayo hasa. Barua asiandike tena, najua anaandika vizuri. Asilete zawadi. Asilete mtu wa kumsemea.

Mwambie sitampiga. Johana naye nimemwambia asimpige. Ananitazama vibaya nikilisema hilo, lakini ameliandika.

Nimeyazuia machozi siku zote hizi, Kipyegon. Nimechoka sana. Mwambie afanye haraka.

Mama yako


Dukani kwa Orina, Chebunyo
15 Mei 1975

Mama Kipyegon,

Ulisema nisiandike tena, na hii ni kukuasi mara nyingine. Nisamehe. Bwana Orina mwenye duka amekubali kukuletea karatasi hii akija kununua maziwa.

Mimi si Kipyegon. Mimi ni Mokaya Gekara. Niko hapa sokoni tangu basi la asubuhi. Nyumba yako nimeonyeshwa, naiona kutoka hapa nilipokaa, ile yenye bati jipya, na nimekuona ukitoka mara moja na ndoo. Nimeinuka kuja nikakaa tena. Nimeinuka tena. Watu wa soko wameanza kunitazama, na nadhani wananijua mimi ni nani, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyenisalimu.

Sikuleta zawadi. Sikuja na mtu. Nyumbani kwetu sijafika.

Sitatoroka, nakuambia kweli. Pesa ya kurudi sina, nilihakikisha sina, kwa sababu najijua. Lakini kutoka hapa mpaka kwako nimeshindwa. Ndivyo nilivyoshindwa siku ile kwenye mashua, na mtoto wako akaenda badala yangu. Leo hakuna wa kwenda badala yangu, na bado nimekaa.

Naona aibu, mama.

Mokaya


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mokaya,

Ni Johana. Mama amenisikiliza nikisoma, amevaa viatu, ameshatoka. Anakuja yeye. Amesema simama, asikukute umekaa.